KUHAMA KAZI SIO USALITI, USALITI NI KUONDOKA NA PASIWEDI ZA WATU

Leo hakuna picha za harusi wala nani kamwagana na nani. Leo tuongee kazi, maana kuna jambo limenikaa kooni tangu wiki iliyopita.

Mnakumbuka niliweka hapa ile habari ya dada anayesimamia mawasiliano ya msanii mmoja (jina kapuni, mnamjua wenyewe), kwamba kaachia ngazi na siku chache baadaye kaonekana kwenye kambi ya mshindani akipiga picha na mabosi wapya. Maoni yalimiminika balaa. "Msaliti." "Njaa mbaya." "Hatulii kama kuku anayetafuta pa kutagia." Mmoja akaandika, "Ana miaka 24 na hiyo ndo kazi ya tatu, huyo hata ndoa haitamkalisha." Likes kibao. Na mimi niliacha iende maana nyie mkichangamka na mimi nafurahi, sitadanganya.

Sasa usiku ule ule nikapata ujumbe inbox. Binti wa miaka 23, anaishi Kihonda, jina lake pia kapuni. Anafanya kazi ya uhusiano kwenye kampuni moja hapa mjini. Nikisema uhusiano mjue namaanisha yeye ndo admin wa ukurasa, yeye ndo mpiga picha wa matukio, yeye ndo anayepokea simu za wateja wenye hasira, na wageni wakija yeye ndo anayebeba maji ya kunywa. Miezi mitano sasa, hajapewa mkataba wa maandishi. Amepata ofa Dar es Salaam, ofisi inayofanya kazi za PR kwa wateja tofauti tofauti. Anatakiwa kujibu Ijumaa.

Akaniandikia hivi: "Admin, nimesoma maoni ya watu kwa yule dada nikaogopa. Hii itakuwa kazi yangu ya tatu. Nikiondoka sasa hivi si nitaonekana na mimi situlii?"

Jamani. Watu mnaandika mkiwa mmelala chali na bando la usiku, kumbe kuna mtu anasoma na anataka kukataa kazi kwa sababu yenu. Ndo maana leo naandika. Hili ni jibu langu kwake, ila nataka wote msome.

MAJI YA ULUGURU NAYO NI WASALITI?

Kwanza tukubaliane kitu. Maji yanatoka milima ya Uluguru, yanashuka, yanaingia mto Ruvu, yanaenda kunywewa Dar. Sijawahi kusikia Mluguru hata mmoja akiyaita maji yake msaliti. Binadamu akishuka kutafuta riziki ndo tunamtolea macho.

Na huu mji wetu una historia ya watu waliohama wakang'aa. Mbaraka Mwinshehe alikuwa nyota wa Morogoro Jazz. Mwaka 1973 akatoka, akaanzisha Super Volcano. Nina uhakika wakati ule palikuwa na watu vijiweni walionuna. Leo ukimtaja Mbaraka hapa Moro nani anasema "yule aliyetukimbia"? Watu wanavuta kiti, wanaomba muziki uongezwe sauti.

Mtasema huyo ni mwanamuziki, hana uhusiano na PR. Haya, mchukueni Mzee Benjamin Mkapa. Wengi wetu tunamjua kama Rais wa awamu ya tatu tu, ila kabla ya hapo alikuwa mtu wa habari na mawasiliano, na alihama kweli kweli. Mwaka 1962, katoka tu Makerere, akaanza kama ofisa tawala Dodoma. Akaingia mambo ya nje. Mwaka 1966 yuko gazetini, mhariri wa The Nationalist. 1972 Daily News. 1974 akawa mwandishi wa habari wa Rais, yaani ndo anasimamia mawasiliano ya Mwalimu Nyerere na vyombo vya habari. 1976 akawa mkurugenzi mwanzilishi wa shirika la habari, SHIHATA. 1977 Waziri wa Mambo ya Nje. Hebu hesabu hizo ofisi. Angekuwa kijana wa leo na ukurasa wa Instagram mngemwandikia "hatulii".

Najua kuna mjuaji atasema yule alikuwa anateuliwa, sio kwamba alikuwa anatuma maombi. Sawa, hoja yako ina uzito. Lakini angalia kitu kimoja: kila alipohama alienda kufanya kitu kipya. Kutoka kuandika habari, akaenda kumsemea kiongozi, akaenda kujenga shirika kutoka mwanzo. Hapo ndo penye somo na nitarudi hapo.

Na juzi juzi tu, mwaka 2022, Zuhura Yunus aliacha BBC, sehemu ambayo wengi tungeshika nguzo tusitoke, akaja kuwa Mkurugenzi wa Mawasiliano ya Rais, Ikulu. Kutoka kuuliza maswali hadi kuulizwa. Huko nako ni kuhama, tena kuvuka upande wa pili wa meza.

ILA SIO KILA KUHAMA NI KUKUA

Sasa nisije nikaeleweka vibaya. Wapo wanaohama hovyo. Nawajua, na wengine ni washkaji zangu. Kuna jamaa mmoja kafanya sehemu nne ndani ya miaka miwili, na kote alikuwa anafanya kitu kile kile: kupiga picha bosi akikata keki na kuandika "Hongera sana bosi wetu". Huyo hajahama kazi, kabadilisha fulana tu.

Kipimo changu mimi ni kimoja. Jiulize, Jumatatu asubuhi nikifika huko kwenye kazi mpya, nitafanya kitu gani ambacho leo sikijui? Kama jibu lipo, mfano nitaandika taarifa kwa vyombo vya habari, nitaandaa mkutano na waandishi, nitakaa na mteja ambaye kachafuka mtandaoni na nimsaidie kutoka, hapo kuna kukua. Kama jibu ni "watanipa simu nzuri ya ofisi", kaa kwanza.

Na hapa niseme ukweli mchungu kuhusu hii fani Bongo. Sisi vijana wengi tunaingia PR kupitia mlango wa uchawa. Unaanza kwa kumsifia mtu bure, anakuona, anakupa ukurasa wake uendeshe, unajiita meneja mawasiliano. Sio dhambi kuanzia hapo. Tatizo ni kubaki hapo. Chawa kazi yake ni kumwambia bosi "umetisha". Mtu wa uhusiano kazi yake ni kumwambia bosi "hii posti ukiweka tutaumia" kabla hajaiweka. Ukiona miezi mitano imepita na hujawahi kuruhusiwa kumwambia bosi hapana hata mara moja, ujue hapo hujifunzi PR, unajifunza kupiga makofi.

Kingine ni kiki. Kuna ofisi zinakufundisha kwamba mawasiliano ni kutengeneza kiki: leo zusha ugomvi, kesho zusha mimba, keshokutwa kanusha. Zinaleta namba, mimi mwenyewe naziweka hapa na zinasomwa. Lakini mwandishi uliyemdanganya leo, kesho ukimpelekea habari ya kweli hapokei simu. Na kwenye hii kazi, ukiondoa CV, mtaji unaohama nao ni kupokelewa simu.

SOMO LA KARIAKOO

Mfano wa kuhama ambao kila Mtanzania anaujua ni wa Haji Manara. Alikuwa msemaji wa Simba kwa miaka, sauti ya Simba, bingwa wa kuwapiga vijembe Yanga. Mwaka 2021 akaachana na Simba, na mwezi Agosti mwaka huo huo akatambulishwa Yanga. Mitandao ilichafuka, mnakumbuka wenyewe. Simba nao hawakufa, mwaka 2022 wakamchukua Ahmed Ally akitokea Azam Media, maisha yakaendelea.

Mimi sio wa kumhukumu Manara. Ni mtu mzima, alifanya biashara yake. Ila kuna vitu viwili tunavipata pale bure. Cha kwanza, hata ile nafasi ambayo watu waliamini ni ya mtu mmoja hadi kufa, ikiwa wazi inajazwa. Kwa hiyo usikae mahali kwa kuamini bila wewe watakwama. Cha pili, maneno yako ya jana yanahama na wewe. Siku ulipohamia kwa mshindani, watu wanakuja na video zako za zamani. Kijana wa PR, ukiwa kwa bosi A mtetee kwa nguvu zote, lakini usimtukane bosi B. Bongo ni ndogo. Moro ni ndogo zaidi, hapa kutoka Msamvu hadi Kola unaweza kukutana na mabosi wako wote wa zamani siku moja.

TUPIGE HESABU

Sasa turudi kwa binti wetu wa Kihonda. Aliniambia ofa ya Dar inazidi mshahara wake wa sasa kwa laki mbili. Na mpango wake ulikuwa abaki Moro, awe anaenda na kurudi na treni ya SGR. Wazo zuri kulisikia. Tangu treni ianze Juni 2024 Dar imekuwa jirani, chini ya saa mbili umefika.

Lakini shika kalkuleta. Nauli ya kawaida 13,000. Kwenda na kurudi 26,000. Siku za kazi 22 kwa mwezi, hiyo ni 572,000. Hapo hujapanda bodaboda kwenda stesheni, hujala mchana, na hujakutana na siku bosi anayosema "tumalizie hii kidogo" wakati treni yako inaondoka. Umeongezwa laki mbili, umetoa laki tano na sabini na mbili. Mdogo wangu, hapo unailipa ofisi ikuajiri.

Akasema basi ataomba awe anaenda siku mbili tu kwa wiki, nyingine afanyie nyumbani. Siku nane kwa mwezi mara 26,000 ni 208,000. Bado laki mbili yote imeisha na umedaiwa elfu nane.

Kupanga Dar nako kuna kizingiti, wenye nyumba wengi wanataka kodi ya miezi sita mkononi. Lakini ana mama mdogo Kimara. Nikamwambia, hilo ndo jambo la kuongea kabla ya Ijumaa, sio watu wa mtandaoni watasema nini. Mama mdogo akikubali akae kwake miezi mitatu minne ajipange, hesabu inakaa. Akikataa, ofa hiyo airudishe mezani aombe waongeze, na wakigoma asione aibu kusema asante, hapana. Mimi naamini kwa mwanzo wa kazi unaweza kwenda sehemu isiyokuongezea sana hela kama inakuongezea ujuzi. Siamini katika kwenda sehemu inayokutia madeni ili uweke "Dar es Salaam" kwenye bayo.

Na msifikiri Moro hakuna kazi hizi. Kuna vyuo, SUA na Mzumbe. Kuna hoteli. Kuna TAWA makao yake makuu yako hapa hapa. Kuna redio. Mwezi wa nane viwanja vya Nanenane vinajaa mabanda ambayo kila moja linataka mtu wa picha na maneno. Kuna wanaopeleka wageni Morning Side na Choma, mandhari ya kumwaga, na kurasa zao ukizitazama utalia: picha moja ya 2021 na namba ya simu haipatikani. Nafasi za serikali nyingi zinataka cheti cha chuo, hilo nalijua maana mimi mwenyewe nimeishia sekondari na nimegonga huo mlango. Lakini hizi nyingine wanaangalia unachoweza.

SHERIA NAYO IJUENI

Mnaosema "angevumilia, awe mwaminifu", nisikilizeni. Kuna Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Ile sehemu inayomlinda mfanyakazi asiachishwe kazi bila sababu ya haki haimhusu mtu mwenye chini ya miezi sita kwa mwajiri huyo. Binti ana miezi mitano. Maana yake bosi akiamka vibaya kesho anaweza kumtoa, na ile kinga haipo. Halafu nyie mnamdai uaminifu wa ndoa ya kanisani.

Sheria hiyo hiyo inasema mwajiri anatakiwa kumpa mfanyakazi masharti ya kazi kwa maandishi. Kwa hiyo kudai karatasi sio ujeuri. Na usirudie kosa: usiache kazi ya Moro kwa ahadi ya WhatsApp. Subiri mkataba wa kazi mpya, usome, ndo uandike barua ya kuacha.

Na barua iandikwe kweli. Ukilipwa kwa mwezi na umeshapita mwezi wa kwanza kazini, notisi ni siku 28. Iwe ya maandishi, na sababu na tarehe. Ukigoma kufanya kazi kipindi cha notisi, mwajiri anaruhusiwa kukata kwenye hela yako unayomdai. Wengi wanazima simu wanapotea, halafu wanashangaa mshahara wa mwisho hautoki. Fanya siku zako 28. Ukitoka dai mshahara wa siku ulizofanya, malipo ya likizo unayodai, na cheti cha utumishi. Hicho cheti wengi hatukiombi, na ndo karatasi inayomwambia bosi anayefuata kwamba kweli ulifanya kazi hapo. NSSF pia, hakikisha namba yako unaenda nayo na michango iliingia kweli.

KUHUSU PASIWEDI

Nimeanza na kichwa cha habari cha pasiwedi, sasa nikiri.

Kazi yangu ya kwanza ya hivi vitu ilikuwa kuendesha ukurasa wa sehemu moja ya starehe hapa mjini. Jina kapuni. Ukurasa niliufungua mimi, kwa namba yangu ya simu. Hela zikawa zinachelewa, tukagombana na meneja, nikaondoka bila kuaga. Usiku ule nikabadilisha pasiwedi. Nilijiona mjanja siku mbili. Walipiga simu, sikupokea. Ukurasa ukafa na wafuasi wake wote.

Miaka miwili baadaye nikaenda kuomba kazi ya kutangaza tukio kubwa la Nanenane. Nimevaa vizuri, nimeandaa mpango, naingia kwenye chumba, anayeamua ni nani? Meneja yule yule. Hakunitukana. Aliniuliza swali moja tu: "Tukikupa ukurasa wetu, na tukikosana, utaturudishia?" Sikuwa na jibu. Kazi alipewa mwingine.

Hela walizonidai zilikuwa haki yangu, sijabadilisha mawazo kwenye hilo. Ila njia niliyotumia iliniharibia jina, na kumbuka siku hizi kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kuingia kwenye akaunti ambayo huna ruhusa nayo tena ni kosa. Mtu akikudhulumu ipo CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na kwenda pale hakuhitaji wakili. Pasiwedi waachie.

Kwa hiyo siku ya kuondoka: andika orodha ya kurasa zote na pasiwedi zake, toa namba yako weka ya ofisi, kabidhi picha, mwambie mtu anayekurithi ni mwandishi gani anapokea simu asubuhi na nani jioni. Jitoe kwenye magrupu ya wateja ukiwa umeaga. Siri za bosi wa zamani ziache huko huko, hata bosi mpya akikuchimba kwa tabasamu. Akizipata kwako leo, anajua kesho za kwake utazipeleka wapi. Unachohama nacho ni ujuzi wako, kazi ulizozifanya ambazo tayari ziko hadharani, na watu wanaokuamini. Hivyo havikabidhiwi.

Sasa yule dada wa wiki iliyopita. Nilimtafuta baada ya haya yote. Sitasema aliniambia nini, ila nimejiridhisha kwamba aliondoka na notisi na akakabidhi kila kitu. Msanii wake wa zamani hajaposti neno lolote baya. Nyie ndo mlioposti. Na mimi niliyewapa uwanja naomba radhi kwake, hadharani kama nilivyoiweka habari hadharani.

Kwa binti wa Kihonda: maoni yangu ni uende, kama mama mdogo atakubali na kama mkataba utatua kwenye simu yako kabla ya barua ya kuacha kutoka mkononi mwako. Kazi ya tatu kwa miaka 23 haitaniogopesha mimi nikisoma CV yako. Itaniogopesha nikipiga simu kwa hao wawili wa mwanzo na wote wakakata.

Jana jioni kaniandikia tena. Mama mdogo kasema aje, ila atakuwa anaosha vyombo. Mkataba bado hajatumiwa. Leo ni Jumatano.

Haya, uwanja ni wenu. Umeshahama kazi ngapi, na uliondokaje? Dondosha hapo chini, ila kumbukeni kuna mtu anasoma na Ijumaa anatakiwa kutoa jibu.